Mini Cooper S (R53) inagonga ikipanda mlima

Swali
Wakuu, ni ya 2004, lita 1.6 yenye supachaja (pampu ya kusukuma hewa kwenye injini, inayozungushwa na mkanda), puli yake imewekwa ndogo kwa 15%. Nikikanyaga gia ya 3 mlimani inagonga kama kokoto kwenye kopo. Ikisimama, kimya. Nianzie wapi?

Jibu 1
Mkuu, ikigonga kwenye mzigo tu, mchanganyiko unajilipukia ndani ya silinda. Weka petroli ya oktani 98, rudia mlima uleule. Kisha fungua plagi zote 4. Ukiona vidoa vinavyong'aa kama fedha juu ya kauri nyeupe, hiyo ni alumini ya pistoni. Acha kuikanyaga kabisa! Puli ndogo huongeza presha na joto, kwa hiyo funga plagi baridi zaidi (inayotoa joto haraka) kwa daraja moja.

Jibu 2
Fungua na intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye supachaja). Ikiwa imelowa oili, ioshe. Mvuke wa oili hushusha oktani.

Jibu 3
Ingegonga hata ikisimama, ningesema toa mkanda, washa sekunde 30 tu, maana pampu ya maji inazungushwa na supachaja, bila mkanda maji hayazunguki. Mlio ukibaki, kagua puli ya krankshafti (shafti kuu ya injini): mpira wake huachana na chuma.