Mrejesho: Likizo ya Agosti Kampala na watoto

Salaam ndugu zangu. Mwezi wa saba niliomba ushauri: wanangu wawili wanafunga shule, tunatoka Mombasa kwenda kwa dada yangu Kampala, niwapeleke wapi bila kufilisika? Tumesharudi.

Aliyesema tuvuke kwenda Visiwa vya Ssese, kule Ziwa Viktoria, Mungu akuweke. MV Kalangala inang'oa nanga Nakiwogo, pale Entebbe, na safari ni zaidi ya saa tatu. Sisi watu wa pwani tulijitia wajuzi wa maji. Aliyetapika ni mimi. Mdogo akaonja maji ya ziwa, akanung'unika eti hayana chumvi, ni bahari ya uongo.

Sinema ya kwenye jumba la maduka ilikuwa ya kawaida tu: baridi, bisi ghali. Utamu ulikuwa kwenye kibanda cha video mtaani kwa dada, ambako VJ anafasiri filamu kwa Kiganda huku akichomeka vichekesho vyake. Hatukuelewa hata nusu, na tulicheka kuliko wote.

Muziki sasa. Tamasha moja lilitangazwa kuanza saa moja usiku. Msanii alipanda jukwaani saa sita, watoto wameshalala mapajani. Sirudii. Lakini Ndere, kituo cha ngoma za asili kule Ntinda, Kampala, nendeni! Kundi lao la ngoma lipo tangu 1984. Kuna mama alicheza na vyungu kichwani, kimoja juu ya kingine, na tangu turudi binti yangu anajaribu na sufuria zangu. Mbili zimeshabonyea.