Ushauri: Nampeleka mama Victoria Falls Oktoba hii. Upande wa Zambia peke yake unatosha?

Binti Makambako
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa waliowahi kufika maporomoko ya Victoria, yale ya mto Zambezi. Nataka kumpeleka mama yangu mzazi katikati ya Oktoba. Nimepata wakala anayetupokea Livingstone: siku mbili, mwongozaji, gari, chumba na viingilio, vyote upande wa Zambia. Siku ya kwanza ni njia za hifadhini na daraja la Knife-Edge, siku ya pili kisiwa cha Livingstone na Devil's Pool. Tunatoka Makambako kwa basi, tunavuka Tunduma, halafu Lusaka, halafu Livingstone.

Je, upande wa Zambia unatosha au tunapunjika? Na mwongozaji ana kazi gani pale, au ni kumlipa mtu akuoneshe maji unayoyaona mwenyewe? Naomba majibu mapema, roho haijatulia.

Mzee wa Rukwa
Binti, mbona unavuka nchi nzima kufuata maji? Kalambo iko hapa kwetu, mpakani na Zambia. Maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, Victoria haifiki hata 110. Na ni hapo Kalambo watafiti walipopata mbao zilizochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale, umri wake takriban miaka 476,000. Ilitangazwa 2023, dunia nzima ikashangaa, Watanzania wengi hawana habari. Mpeleke mama Kalambo, hela itakayobaki mnunue mahindi.

Dereva wa Copperbelt
Livingstone naijua kama sebule yangu. Enzi za pantoni pale Kazungula, upande wa Botswana, tulikuwa tunalala foleni mpaka unajuana na mbuzi wa kijiji kwa majina. Daraja lilipofunguliwa 2021 nilipita nikapiga honi mwanzo hadi mwisho. Kuna dada alikuwa anatuuzia samaki wa kukaanga pale kwenye foleni, sijui siku hizi yuko wapi. Maporomoko yenyewe nimeyaona mara chache, tena nikiwa na mzigo kichwani unanisubiri. Moshi wake unauona ungali mbali barabarani.

Tulizo
Naona hakuna aliyejibu swali. Mimi nimeishi Livingstone kikazi, nisikilize.

Oktoba maji yako chini, na Novemba kwa kawaida ndiyo mwisho kabisa. Zambezi inapata maji yake kaskazini magharibi mwa Zambia na Angola, mvua inanyesha huko kuanzia Novemba, lakini maji huchukua muda mrefu kuteremka kwenye mabonde yale mapana. Ndiyo maana mto unajaa Machi hadi Mei, kilele kikiwa Aprili, wakati mvua zimeshakwisha au zinakwisha. Ukuta wote una upana wa mita 1,708, na sehemu ya Zambia, ile Eastern Cataract, ndiyo inayokauka kwanza. Oktoba unaweza kusimama Knife-Edge ukatazama jabali jeusi limekauka, na vijimaji vichache pembeni. Upande wa Zimbabwe, Main Falls na Devil's Cataract, maji hayakatiki mwaka mzima.

Kwa hiyo Oktoba, Zambia peke yake, unapunjika. Tena Devil's Pool ni dimbwi la kuogelea ukingoni kabisa mwa maporomoko. Mama yako ana umri gani mpaka wakala amuwekee hiyo?

Binti Makambako
Asante sana Tulizo. Mama ana miaka 71. Devil's Pool hataingia, atakaa kisiwani anisubiri. Ila tarehe siwezi kusogeza, na nimeshalipa advansi. Wakala alinihakikishia maji yapo.

Mama Tunu
Dada, bibi wa miaka 71 akusubiri kwenye kisiwa kilicho juu ya shimo la mita mia moja? Halafu kwa nini tarehe haisogei? Watu wakienda matembezi huchagua msimu, msimu hauwachagui. Kuna jambo hujalisema.

Kijana wa Kahama
Mimi nimeweka kambi hapa, nasubiri hilo jambo. Nani analeta karanga?

Binti Makambako
Sikutaka kuliandika hapa lakini sawa.

Mama ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakwisha, la kulia anaona kilicho mbele tu, pembeni ni giza. Daktari anataka kumpasua haraka na mama amekataa. Jirani yetu alipasuliwa akarudi haoni kabisa, basi mama ameshika hilo. Amesema: "Nipeleke kwanza nikayaone yale maji ya baba yako, nikirudi wanikate watakavyo." Baba alimuahidi kumpeleka tangu hawajazaa hata mmoja wetu, amefariki bila kuitimiza. Kwa hiyo Oktoba ni Oktoba, maji yawe mengi au machache. Macho hayangoji msimu.

Nesi wa Zamu
Pole sana mdogo wangu. Presha ya macho ikishakula mshipa wa jicho, kilichokwenda hakirudi, iwe kwa upasuaji, dawa ya mitishamba au maombi. Upasuaji unashusha presha ili kulinda kilichobaki. Inawezekana huyo jirani alichelewa na upasuaji ukasingiziwa, mweleze mama hivyo taratibu. Kwa sasa anatumia matone?

Binti Makambako
Anatumia, ila siku nyingine anaruka. Anasema yanawasha.

Nesi wa Zamu
Asiruke hata siku moja, safarini ndiyo kabisa. Chupa isikae kwenye jua la dirishani. Na kabla ya kununua tiketi mrudishe kwa daktari, umwambie wazi: "Tunasafiri kwa basi, tutarudi tarehe fulani, je, presha yake inaruhusu?" Akisema hapana, ni hapana. Akikubali, mpange tarehe ya upasuaji hapohapo mbele ya mama, ili ahadi yake iwe na siku.

Mama Tunu
Sasa na mimi niulize la mwisho. Hela ya safari ni ya nani?

Binti Makambako
Ni yangu kwa sehemu kubwa.

Mama Tunu
Na sehemu ndogo?

Binti Makambako
Kaka zangu walichanga kwa ajili ya upasuaji. Advansi nilitoa humo. Nitairudisha kabla ya tarehe ya hospitali, nina mahindi ghalani. Msinielewe vibaya. Upasuaji wenyewe mgonjwa ameukataa, hela imelala tu kwenye simu, na safari hii ndiyo itakayomfanya aukubali. Nikiwaambia kaka sasa hivi watasema ni anasa. Wao wako Dar, hawamsikii usiku akipapasa ukuta kwenda chooni.

Shemeji wa Wote
Hapo dada umeteleza. Mchango wa ugonjwa una jina lake, ukiugusa bila kusema ni wizi hata kama unampeleka mama mzazi Makka. Mahindi uza leo, rudisha leo.

Kijana wa Kahama
Shemeji acha ukali. Mgonjwa ni mama, macho ni ya mama, mchango ni wa mama. Angetaka pilau na soda tungemnunulia.

Shemeji wa Wote
Basi mama mwenyewe awaambie wanawe. Asifichwe yeye, wasifichwe wao.

Jicho Kavu
Samahani wadau, mimi naona mnapigwa chai, na haina hata tangawizi. Tazameni: ID mpya, mama kipofu, baba marehemu, ahadi ya mapenzi, halafu "wakala" asiyetajwa jina. Kesho atatokea mtu mwingine aseme "mimi nilienda na wakala fulani, namba yake hii hapa". Tangazo la biashara hilo. Na swali dogo tu: baba yako aliyaonea wapi hayo maji mpaka aahidi kumpeleka mtu? Usiniambie alikuwa mtalii miaka hiyo.

Binti Makambako
Baba alikuwa TAZARA. Fundi wa injini.

Jicho Kavu
Nilijua utasema hivyo ukishasema Makambako. TAZARA inaishia Kapiri Mposhi. Kutoka hapo hadi Livingstone ni mamia ya kilomita, na si reli ya TAZARA. Kesi imefungwa.

Chuma cha Reli
Kesi haijafungwa, mkuu. Nimestaafu karakana ya Mbeya. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, sawasawa na ya Zambia mpaka Afrika Kusini. Pale Kapiri Mposhi unaingia reli ya Zambia na behewa hilohilo. Kinyume chake ni kwetu: reli ya kati ya zamani ni ya mita moja, ndiyo maana pale Kidatu mizigo inahamishwa kutoka behewa hadi behewa. Mafundi wetu walisomea Mpika, Zambia, na reli ya Zambia inafika Livingstone na kuvuka daraja lile la 1905. Fundi kijana aliyeko Mpika kupanda treni likizo kwenda kuona maporomoko lilikuwa jambo la kawaida. Dada, baba alikwambia nini kuhusu daraja?

Binti Makambako
Alisema hakuvuka. Kulikuwa na askari, na ng'ambo ilikuwa Rhodesia, Zimbabwe ya sasa. Alisimama upande wa Zambia akalowa mpaka soksi, na picha aliyopiga ilitoka nyeupe tupu, ni moshi wa maji. Mama anayo. Nyuma ameandika kwa penseli: "Wakipata uhuru tutavuka wote."

Chuma cha Reli
Mpaka ule ulifungwa 1973, Kaunda akaja kuufungua 1978 kwa treni za mizigo, na Zimbabwe ikapata uhuru 1980. Picha nyeupe maana yake alikwenda mto umejaa, Machi mpaka Mei. Hiyo haitungwi na wakala wa utalii. Mimi namwamini.

Jicho Kavu
Naiachia nafasi. Asipotaja wakala mpaka mwisho wa uzi nitaamini na mimi.

Binti Makambako
Sitamtaja. Sikuja kumuuza mtu.

Tulizo
Sasa tuongee safari, maana picha imebadilika. Baba aliandika "tutavuka", na wewe umenunua safari isiyovuka.

Mtu mwenye macho ya mama hawezi kuuchukua ukuta wa mita 1,708 kwa mara moja. Anahitaji kipande kimoja, karibu, mbele yake. Zimbabwe kuna vituo 16 vya kutazamia vyenye namba, na cha mwanzo, karibu na sanamu ya Livingstone, kinatazamana na Devil's Cataract. Maji yanapita hapo hata Oktoba, unayaona yanavyopinda kuingia korongoni na unasikia mngurumo wake. Njia imesakafiwa na sehemu kubwa ni tambarare. Na kwa vile Oktoba ukungu ni mdogo, kwa jicho lake ni afadhali kuliko Aprili. Aprili angelowa na kusikia, lakini angeona nyeupe ileile ya picha ya baba. Kwa hiyo Oktoba yako si mbaya. Kibaya ni upande uliouchagua.

Mwongozaji usimwache, kwa mama ndiye kiatu cha pili. Mwambie mapema hali yake, atembee upande ambao jicho limekwisha, amtajie kila ngazi kabla mguu haujafika. Knife-Edge achaneni nayo, Boiling Pot, kule chini korongoni, msishuke kabisa, mteremko wake ni wa vijana. Danger Point pia hapana, kule mwisho miamba ina utelezi na ukingo hauna kizuizi. Nendeni asubuhi mapema, Oktoba joto la bonde la Zambezi linachosha hata wenyeji. Getini Zimbabwe onesheni pasi zenu, sisi wa SADC tuna kiwango chetu, hatulipi kama Mzungu.

Dereva wa Copperbelt
Na Lusaka mlale. Msiunganishe basi kwa basi na mtu mzima, miguu inavimba. Naongea kwa niliyoyaona kwa bibi yangu.

Mzee wa Rukwa
Nami nimekubali, aende. Kalambo atakuja mara nyingine.

Binti Makambako
Wakuu nimerudi. Nimempigia wakala: Devil's Pool inaondoka, siku ya pili tunavuka daraja na mwongozaji wa Zimbabwe anatupokea ng'ambo. Tofauti ya hela ni ndogo. Alitaka kubisha kuhusu maji ya Oktoba, nikamuuliza Eastern Cataract ikoje sasa hivi, akanyamaza. Kliniki tunakwenda Alhamisi na nesi nimeandika maneno yako kama yalivyo.

Kuhusu kaka zangu, mama mwenyewe aliomba simu akampigia mkubwa. Hakufurahi. Amesema tutaongea nikirudi, na kwamba mahindi niyauze kabla ya kuondoka, siyo baada. Mnunuzi anakuja Jumamosi. Yule mdogo hajapokea simu mpaka sasa.

Shemeji wa Wote
Umefanya vizuri. Huyo mdogo mwandikie ujumbe, asije akasikia kwa mkubwa.

Nesi wa Zamu
Alhamisi nenda na chupa ya matone yenyewe, daktari aione. Ulete majibu hapa.

Tulizo
Swali moja la kiutendaji. Kuvuka lile daraja ni kugongewa mihuri nchi mbili. Mama ana pasipoti?

Binti Makambako
Ana kitambulisho cha NIDA. Wakala alisema Zambia tutapita tu.

Tulizo
Hapana. Kesho asubuhi Uhamiaji, na NIDA yake na cheti cha kuzaliwa au kiapo. Kadi ya homa ya manjano pia muwe nayo wote wawili. Usisubiri Jumamosi.

Chuma cha Reli
Nenda na mama mwenyewe, alama za vidole zinachukuliwa palepale. Na ile picha iwekeni kwenye bahasha ngumu.