Timu yao imefilisika, halafu MIMI ndiyo narudishiwa chenji!!!

Kulungu wa Dingwall:

Wakuu, leo sisalimii mtu, mtanisamehe. Nimeshuka kwenye treni ya kutoka Inverness, huku Uskoti kaskazini, dakika kumi zilizopita, bado nina koti mwilini, na mfuko wa kulia una sarafu kumi na tano za pauni moja moja. Kumi na tano. Beauly, Muir of Ord, Conon Bridge, kila treni ikifunga breki mfuko unalia kama njuga za mganga. Kuna bibi mmoja wa kizungu alihama kiti. Kutoka stesheni hadi nyumbani Dingwall nzima imenisikia, na kwa kuwa Dingwall nzima ni watu elfu tano na ushee, sasa hivi hata mbwa wa jirani anajua nimedhalilishwa.

Aliyenifanyia mnamjua. Sitaji jina. Yule bwana wa skafu ya bluu na nyekundu ambayo haivui hata akienda kuoga, ambaye kila shughuli ya Waswahili wa huku juu lazima akamate kipaza sauti hata kama hakualikwa. Huyo huyo. Msijifanye hamumjui.

Leo ilikuwa arobaini ya kuzaliwa kwa mtoto wa mwenzetu pale Inverness. Ukumbi umejaa, pilau imeliwa, watoto wanateleza sakafuni kwa soksi, kina mama washaanza kufunga vya kubeba. Mara bwana mkubwa katokea jikoni na ndoo. Ndoo ya rangi ya ukutani, nyeupe, bado ina michirizi. "Jamani, tuisaidie timu." Hakutumwa na mtu, klabu yenyewe haimjui, kajituma.

Kwa ambao hamfuatilii mpira wa Uskoti: Inverness Caledonian Thistle mwezi uliopita, Oktoba 2024, wamewekwa chini ya msimamizi wa mufilisi, wamekatwa pointi 15, na msimu huu wa 2024-25 wapo daraja la tatu. LA TATU. Kocha wao Duncan Ferguson, yule mbabe wa Everton ya zamani, kaondoka. Mwaka huu huu walitaka kuhamishia mazoezi Kelty, kule Fife, zaidi ya saa mbili kwa gari, hadi mashabiki wakawaka ndipo wakaghairi. Mimi ni Ross County, jirani yao, mtani wao, na msimu huu huu nipo Ligi Kuu. Nilikuwa na haki zote za kucheka. Sikucheka. Jirani akiunguliwa nyumba humcheki siku hiyo hiyo, unasubiri moto uzime.

Nikatoa noti ya pauni 20. Kwa roho safi! Nilijisemea, hawa wakifa derby nitacheza na nani, na ng'ombe wa nyanda za juu?

Sasa sikieni. Yule bwana akaidaka noti yangu kwa vidole viwili kama anashika mende kwa sharubu. Akainyanyua kwenye taa. Ukumbi ukanyamaza. Akasema: "Wa Ross County katoa ishirini! Mpeni chenji, asije akakosa nauli ya kurudi kijijini."

Akaingiza mkono kwenye ndoo akaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Kwa sauti! Kuanzia nne ukumbi ukawa unamwitikia kama chekechea. Kufika kumi na tano wakapiga makofi. Na mke wangu alihesabu. Nilimwona kabisa, mdomo ulikuwa unacheza kwenye tisa.

Timu haina hata hela ya kulipa madeni INANIRUDISHIA CHENJI. Mlishaona wapi omba omba anakurudishia chenji?

Halafu kijiji? Kijiji gani kilimfunga Celtic 2-0 uwanja wa Hampden nusu fainali ya Kombe la Uskoti 2010? Kijiji gani kilichukua Kombe la Ligi 2016, Alex Schalk anaweka bao dakika ya 90, Hibernian wanabaki wameshika viuno? Wao na sisi tumeingia ligi ya taifa mwaka mmoja, 1994. Sisi tuliingia wenyewe. Wao waliunganisha timu mbili ndipo wakatosha, na sasa hivi hata hizo mbili hazitoshi.

Nimefika hapa ndiyo nimeng'amua kitu. Kumi na tano! Hesabu ile ile ya pointi walizokatwa! Huyu mtu kanibebesha adhabu yao mfukoni, moja moja, mbele ya mke wangu.

Modi usiunganishe huu uzi na ule wa soka la Ulaya. Hili si soka. Povu ruksa.

Kobe Mkavu:

Nipo siti ya mbele, karanga ninazo. Endeleeni.

Nyanya Chungu:

Pole mkuu, ila hapo kwa shemeji kwenye tisa nimemwaga chai kwenye shuka. Shemeji hana hatia, hesabu ikishaanza mdomo hauna breki.

Mzee wa Kahawa:

Hii chai. Siku hizi nani anatembea na sarafu, dunia nzima inalipia kwa kadi. Lete picha.

Kulungu wa Dingwall:

Mzee wa Kahawa, zipo mezani hapa nimezipanga. Kumi na nne. Moja mwanangu kashaipitia.

Mla Mhogo:

Kwa hiyo hata chenji umeshindwa kuilinda. Ndiyo maana Agosti Rangers waliwapiga 6-0.

Kulungu wa Dingwall:

Hizo sita nilifungwa nikiwa Ligi Kuu. Wewe unataka nifungwe moja moja daraja la tatu kwa kudonoa?

Msomi wa Ligi:

Mleta uzi anapotosha. Haijafilisika. Kuwekwa chini ya msimamizi ni kama mgonjwa kuingizwa chumba cha uangalizi, anaweza kutoka akitembea. Hearts waliingia 2013, wakaanza msimu na pointi 15 pungufu, wakashuka, wakarudi. Dundee waliingia mara mbili, 2003 na 2010, na ile ya pili walikatwa 25 na hawakushuka. Ukitaka kuona kufa kabisa tafuta Gretna: mji mdogo kuliko hata huo wa kwenu, tajiri mmoja akawajaza hela, 2006 wakacheza fainali ya Kombe la Uskoti, 2007 wakapanda Ligi Kuu, mechi za nyumbani wanachezea uwanja wa Motherwell kwa kuwa wa kwao haufai. Tajiri akaumwa, hela ikakata, 2008 klabu ikazikwa. Kwa hiyo mwenzako kupitisha ndoo mapema kafanya la maana.

Kulungu wa Dingwall:

Msomi umeandika yote hayo hujagusa chenji.

Msomi wa Ligi:

Chenji si suala la kisoka.

Kulungu wa Dingwall:

NDICHO NILICHOSEMA KWENYE UZI.

Binti Tumbatu:

Mimi nilikuwepo ukumbini. Ameacha kuwaambia kwamba alipokea. Alikinga mikono yote miwili kama anapokea halua. Mtu umetukanwa, si ungeziacha palepale ukaondoka na heshima yako?

Kulungu wa Dingwall:

Dada yangu, pauni kumi na tano ni pauni kumi na tano.

Nyanya Chungu:

😂😂😂 Kesi imefungwa.

Jaluo wa Ng'ambo:

Aki nyinyi mnalia juu ya chenji? Huku kwetu wachezaji wamekaa miezi bila mshahara, tukachanga, na aliyeshika mchango akazima simu mpaka wa leo. Chenji ni mtu muaminifu bana. Huyo mpeni uwaziri wa fedha.

Mla Mhogo:

Tukiongelea kufilisika, tusisahau Rangers ya sasa ni klabu mpya ya 2012. Ile ya zamani ilikufa. Nimemaliza.

Mjukuu wa Ibrox:

Umemaliza nini sasa? Kampuni ndiyo iliyokufa, klabu ni ile ile. Nyumba ikiuzwa, ukoo unakufa?

Mla Mhogo:

Kama ni ile ile, mbona ilianzia daraja la nne? Mechi ya kwanza ya ligi Peterhead 2-2, bahari inapiga upepo pale, mabingwa wa dunia nzima wanatafuta sare.

Mjukuu wa Ibrox:

Na mechi ya kwanza ya ligi nyumbani tuliingiza watu 49,000. Daraja la nne! Ninyi watani wa Dingwall mkialikwa wote na mifugo yenu hamjazi jukwaa moja.

Kulungu wa Dingwall:

Mimi nimeingiaje hapo? Msimu huo huo wa 2012-13 nyie mnahangaika na kina Peterhead, sisi ndiyo kwanza tumepanda Ligi Kuu na tukamaliza wa 5.

Mzee wa Kahawa:

Na Inverness wakamaliza wa 4. Wewe hata kwenye mwaka wako wa furaha kuna mtu amekaa mbele yako anahesabu.

Kobe Mkavu:

Jamani karanga zimeisha.

Kijani na Njano:

Mnamcheka mtu wa ndoo kwa kuwa hamjawahi kufikwa. Sisi Yanga msimu wa 2018-19 tulitembeza bakuli nchi nzima, Simba wakatutungia nyimbo. Shilingi elfu, shilingi mia tano, tulipokea. Leo ubingwa tumebeba mara tatu mfululizo, 2022 hadi 2024. Bakuli si aibu.

Mnyama Mkali:

Bakuli lenu lilikuwa limetoboka, tukaziba sisi kwa kuwaachia ubingwa.

Kijani na Njano:

Msituachie tena basi, mtuonyeshe.

Mama Pilau:

Samahanini wanajukwaa, mmetaja bakuli nikakumbuka. Huyo bwana wa ndoo mnayemsema, mwenye skafu, ana sufuria langu. Sufuria kubwa la pilau, la kilo kumi, nimelibeba kwenye ndege kutoka Tanga nikiwa nimelijaza nguo ndani ili lisinipunguzie mzigo. Aliliazima Idi. Si Idi hii iliyopita, ile nyingine. Kila nikimuuliza ananiambia litakuja na kitu ndani.

Binti Tumbatu:

Sufuria lenye mpini mmoja umeungwa na waya?

Mama Pilau:

HILO HILO.

Binti Tumbatu:

Leo limepikiwa pilau la arobaini. Nimekula kutoka humo.

Mama Pilau:

Kwa hiyo sufuria langu linakwenda kwenye shughuli ambazo mimi mwenyewe sijaalikwa.

Nyanya Chungu:

Hapo sasa. Hapo ndiyo nimekasirika kweli. Sufuria la mtu halikai mwaka.

Mtoto wa Mto Ness *(amejiunga leo)*:

Naona mnamsema mtu hayupo. Nimfahamuvyo mhusika ni mstaarabu sana. Kiwango kilikuwa pauni 5 kwa kila kichwa na kiliandikwa wazi kwenye ndoo. Mtu katoa 20, karudishiwa 15. Kosa liko wapi? Hesabu imekaa sawa.

Kulungu wa Dingwall:

Kwenye ndoo paliandikwa "rangi ya ndani, lita 10". Na "kijijini" nayo iliandikwa kwenye ndoo?

Mzee wa Kahawa:

Amejiunga leo, anajua kiwango, anajua maandishi ya kwenye ndoo. Karibu jukwaani kiongozi, vua skafu ukae.

Mtoto wa Mto Ness:

Mimi si yeye. Mimi ni rafiki tu. Kombe la Uskoti 2015 lipo Inverness, Dingwall halijawahi kufika. Hilo nalo mlijibu.

Mama Pilau:

Rafiki, nisaidie kumuulizia sufuria langu.

Mjukuu wa Ibrox:

Rafiki, na mimi ana drili yangu. Ya Bosch.

Jaluo wa Ng'ambo:

Wueh! Msimamizi wa mufilisi aje huku kwa huyu jamaa kwanza, orodha ya wadai ni ndefu.

Mama Pilau:

Rafiki, umesoma?

Kulungu wa Dingwall:

Wakuu, turudi kwenye chenji basi. Ile ilikuwa mbele ya ukumbi mzima, mtu kainua noti kwenye taa...

Nyanya Chungu:

Mkuu subiri kidogo. Mama Pilau, sufuria lilikuwa na mfuniko au bila?

Mama Pilau:

Na mfuniko. Mfuniko alirudisha. Uliletwa na mtoto, umefungiwa kaimati mbili.

Binti Tumbatu:

Kaimati mbili kwa mfuniko wa kilo kumi.

Kobe Mkavu:

Mtoto wa Mto Ness katoka mtandaoni dakika tatu zilizopita. Nimeongeza karanga.