Ndege nyeupe isiyo na jina hapa Kisumu: utajuaje ni ya nani?

Otonglo_Juu: Wadau, kuna ndege ya propela inatua hapa Kisumu, nyeupe pe, haina jina wala nembo mkiani. Iko na maandishi madogo tu huku nyuma yanayoanza na ZS. Ni ya nani? Na mbona kampuni iuze tiketi kwa jina lake halafu ilete ndege isiyo na rangi zake?

Fundi_Bawa: Ndugu, anza na hayo maandishi madogo, ndiyo namba ya usajili. ZS ni Afrika Kusini. Zetu ni 5Y, Uganda 5X, Tanzania 5H, Rwanda 9XR, Ethiopia ET. Kanuni za kimataifa zinataka herufi za ubavuni au mkiani zisipungue sentimita 30 kwa kimo, na za chini ya bawa sentimita 50. Kwa hivyo ikikupita juu ya kichwa, usihangaike na mkia. Tazama chini ya bawa la kushoto.

Sasa, ZS haikuambii nani aliuza tiketi. Kampuni ndege zake zikiwa karakana, hukodi nyingine pamoja na marubani, wahudumu, matengenezo na bima. Kwa mkataba mfupi, kupaka rangi hakulipi: lazima ndege isimame siku kadhaa, rangi ya zamani ikwanguliwe, na mkataba ukiisha mwenyewe huitaka nyeupe tena ili aikodishe kwingine. Ndiyo maana wengi hubandika stika ya jina karibu na mlango, basi. Tiketini, tafuta mstari unaotaja kampuni inayoendesha safari.

Otonglo_Juu: Asante sana. Aina yake je? Mabawa yako juu, mkia umekaa kama herufi T.

Winam_24: Angalia miguu ya magurudumu inapokunjwa. Ikiingia kwenye gamba linalofunika injini, na ni mirefu myembamba, hiyo ni Dash 8. Ikiingia kwenye vibumba vilivyotokeza pembeni mwa tumbo la ndege, ni ATR. Fokker 50 pia hukunja miguu kwenye injini, lakini bawa dogo la nyuma limeshikana na mwili, halikai juu ya mkia. Usihesabu pangaboi za propela: Dash 8-400, Fokker 50 na ATR 72 nyingi zote ni sita.

Kwenye Flightradar24, ile tovuti ya kufuatilia ndege zikiwa angani, tafuta kwa usajili, si kwa namba ya safari. Namba ya safari huhama kutoka ndege hadi ndege kila siku. Halafu watu hukwama kwa sababu tiketi ya Kenya Airways inasema KQ, mpango wa safari unaandika KQA, na redioni rubani anajiita "Kenya". Kampuni ni ile ile moja.

Fundi_Bawa: Nyongeza kwa wanaopenda herufi: hutakuta 5Y-SOS wala 5Y-PAN, kwa kuwa kanuni zinakataza usajili unaoweza kuchanganywa na wito wa dharura. Herufi tatu zinazoanza na Q kwenye misimbo ya redio zimekatazwa pia.

Kabla ya 5Y, Kenya ilikuwa VP-K. Zile ndege za Imperial Airways zilizokuwa zikitua majini hapa ziwani miaka ya 1930 zilibeba G ya Uingereza, na kila moja ilikuwa na jina lake linaloanza na C: Canopus, Caledonia na wenzake.

Otonglo_Juu: Nimekuza picha. Miguu inaingia kwenye injini, na bawa la nyuma liko juu kabisa ya mkia. Dash 8 basi.