Mjadala: SHA (bima ya afya ya serikali ya Kenya) ilipie dawa ya watoto wachache, au tuanze na vipimo?

Mkaazi wa Langoni, Lamu
Assalaam alaykum. Mtaani kwetu mchango unazunguka tena: mtoto wa miezi saba, saratani ya damu. Kuna dawa iitwayo blinatumomab, inayoishika seli ya saratani kwa alama yake ya CD19 na kuisogeza kwa askari wa mwili waiue. Utafiti wa 2023 ulihusu watoto 30 wa chini ya mwaka mmoja wenye saratani hiyo na kasoro ya jeni KMT2A. Walioongezewa dawa hiyo juu ya kemo (dawa za kawaida za saratani), asilimia 93 walikuwa hai baada ya miaka miwili. Kwa kemo peke yake zamani ilikuwa 66 hivi. Mimi nasema SHA ilipe.

Muuguzi, Malindi
Ndugu yangu, takwimu sizipingi. Lakini dawa hiyo huingia mshipani usiku na mchana, wiki nne mfululizo, kwa pampu. Mfuko ukiisha saa nane za usiku, nani yupo zamu wa kuubadilisha? Na hiyo KMT2A imepimwa wapi? Tunaletewa watoto tumbo limevimba, ngozi ina madoa ya zambarau, wameshapewa dawa za malaria mara mbili tatu bila kupimwa damu kamili. Pesa nikipewa mimi, naanza na kipimo hicho na nauli.

Baharia wa Shela
Nauli hapo umenena. Boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, mtoto yuko mapajani na homa. Halafu waambiwa Nairobi!

Mwalimu, Malindi
Dada, "kwanza msingi" tuliambiwa hata wakati wa ARV. Mwaka 2025 serikali ilikaa na kampuni ya Roche, Herceptin, dawa ya saratani ya matiti, ikashuka kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000 kwa dozi, SHA ikalipa. Wagonjwa wa matiti ni wengi, wana sauti. Hawa wachanga ni wachache mno, nani atawakalia mezani? Nchi zinunue kwa pamoja.

Muuguzi, Malindi
Kununua pamoja naafiki. Ila hata wale 30 walianza na kemo, hii ikafuata. Vinkristini, dawa mojawapo ya kemo, ikikosekana wodini, utaiongeza juu ya nini?

Mkaazi wa Langoni, Lamu
Basi mamake huyu tumwambie nini?

Muuguzi, Malindi
Asikatishe kemo hata akiona mtoto amechangamka. Mchango ulipe chumba karibu na hospitali. Hayo ya SHA, mwalimu, bado hujanishawishi.