Wakili wa kesi ya kuendesha gari akiwa amelewa, California: tumchague vipi?

Swali
Habari zenu wadau. Shemeji yangu amekamatwa juzi usiku hapa San Diego, kipimo cha pumzi kimesoma 0.09. Kosa la kwanza, hakuna ajali, ana grinikadi. Wakili mmoja anataka dola 1,500 na anasema kesi "itafutwa tu". Mwingine anataka 5,000. Au tungoje wakili wa bure wa kaunti?

Jibu la 1
Pole. Kabla ya wakili, tafuteni ile karatasi ya waridi aliyopewa na polisi. Ndiyo leseni yake ya muda, siku 30, na ndiyo notisi ya kufungiwa. Ana siku 10 tangu alipopewa, wikendi ikihesabika, kuwaomba DMV, idara ya magari na leseni ya jimbo, wasikilize shauri la leseni. Zikipita, leseni inafungwa miezi 4 hata kama hakimu hajamwona. Apige simu mwenyewe leo, na aombe kufungiwa kusimame mpaka shauri lisikilizwe.

Wakili wa kaunti msimdharau, kesi hizi anazishika kila siku. Ila shauri la DMV si la jinai, kwa kawaida halimhusu. Na kabla ya kumpa wakili huyo wa bure, mahakama itataka kujua kipato cha shemeji.

Jibu la 2
Anayeahidi kufuta kesi hata ripoti ya polisi hajaisoma, mwacheni. Muulizeni kila wakili atadai nini kwa mwendesha mashtaka. Asipotaja video ya askari na kumbukumbu za ukaguzi wa mashine, nendeni kwingine.

Kanuni za California zinataka mtu aangaliwe dakika 15 mfululizo kabla ya kupuliza: asile, asinywe, asivute sigara, asitapike. Vipimo viwili visipishane zaidi ya 0.02. Mashine ikaguliwe kila siku 10 au kila vipimo 150, kitakachotangulia. Ripoti itasema dakika 15 zilitimia. Video huenda ikamwonyesha askari kainama anajaza fomu, mgongo kaupa mtuhumiwa. Kikomo ni 0.08, kwa hiyo kwenye 0.09 hapo ndipo pa kubana, na ndipo mwendesha mashtaka anapoweza kukubali kushusha shtaka liwe uendeshaji wa kizembe uliohusisha pombe. Adhabu hupungua, lakini akirudia ndani ya miaka 10 litahesabiwa kama kosa la awali.

Kuhusu bei: ada ikizidi dola 1,000 sheria inataka mkataba wa maandishi. Someni inaishia wapi. Hiyo 1,500 huenda ni ya kumsindikiza akakiri kosa basi, DMV mbali, kesi ikisikilizwa mbali.

Jibu la 3
Mmesahau grinikadi. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, 2010, wakili wa jinai analazimika kumweleza mteja athari za uhamiaji kabla hajakiri. Pombe peke yake, kosa la kwanza, kwa kawaida haimfukuzishi mtu. Kukiwa na dawa za kulevya, mtoto garini au majeruhi, hesabu ni nyingine. Maombi ya uraia nayo yataulizia. Asisafiri nje bila ushauri.

Jina la wakili lihakikini kwenye tovuti ya chama cha mawakili cha jimbo. Adhabu za kinidhamu zimo. Anayejiita "notario", yule wa kujaza na kushuhudia karatasi, si wakili. Mkalimani wa Kiswahili mahakamani ni bure, ila muombe mapema, la sivyo tarehe itasogezwa.