Tupeane uzoefu: vidonge vya kukesha na kuongeza umakini, nani anamsukuma nani?

Mleta mada, Arusha: Ndugu zangu, naomba kila mmoja aeleze aliyoyaona mwenyewe kuhusu dawa ambazo daktari humwandikia mgonjwa, lakini humezwa na wazima ili wakeshe na vitabu au kazi. Nazungumzia methilfenidati, wanayopewa wasioweza kutulia na kuzingatia jambo, na modafinili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa wa usingizi wa mchana usiozuilika. Siulizi kama zinafanya kazi. Nauliza zinawafanya nini waliokaa karibu na mmezaji.

Mhitimu wa chuo, Moshi: Katika kikundi chetu cha kujisomea, mwenzetu mmoja alikuwa akitumiwa vidonge na ndugu yake wa ng'ambo. Hakumshurutisha mtu, ila muda wa kufunga vitabu ulisogezwa taratibu kutoka saa nne usiku hadi saa nane, na aliyeomba kwenda kulala akaanza kuonekana mvivu. Baadhi wakanunua kwake. Mimi nilijitoa.

Mhasibu, Arusha: Ofisini kwetu, kwenye utalii, kasi ya mwenzetu mmoja msimu wa wageni wengi ndiyo iliyogeuzwa kipimo cha wote. Mshahara haukusogea.

Dereva wa lori, Arusha: Mnashangaa nini? Matajiri wetu hupanga safari kana kwamba dereva halali, ndiyo maana wenzangu wengi wanatafuna mirungi, ambayo kiini chake, kathinoni, ni ndugu wa amfetamini, dawa kali ya kuchangamsha ubongo na kufukuza usingizi. Nikikutwa nayo barabarani mimi ni mhalifu, kwa kuwa sheria ya mwaka 2015 inaihesabu kuwa dawa ya kulevya. Msomi mwenye kidonge chake mfukoni anasifiwa kuwa mchapakazi.

Mfamasia, Moshi: Ndugu dereva una hoja, ingawa kidonge bila cheti cha daktari nacho si halali. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Duke kiliamua mwaka 2011 kuwa kutumia dawa hizo bila cheti kwa ajili ya masomo ni udanganyifu. Ninaowahurumia zaidi ni wagonjwa wa kweli: mama mmoja alinisihi nibandue lebo ya kopo, asije mwanawe akaambiwa bwenini kwamba alama zake ni za kununua. Nanyi mnaokesha kumbukeni kuwa ubongo hupanga kumbukumbu mtu akiwa usingizini, hivyo kinachopatikana usiku huo hupotea kwa mlango mwingine.

Mleta mada: Ahsanteni. Hadi sasa hajaandika mwajiri hata mmoja, wala tajiri wa malori. Ninyi mnaopanga hizo saa, tunawasubiri.